Kuponi Mbili kwa Kopo Moja

Kila nikifungua kopo la maziwa ya unga, harufu yake hunirudisha kwenye duka kubwa la Ghubra, katika nchi ya Kiarabu, nimeng'ang'ania buibui la mama. Alikuwa amempa keshia kuponi mbili za punguzo kwa kopo moja: moja ya gazetini, nyengine ya ndani ya kopo la zamani, bado ina vumbi tamu la maziwa. Keshia alizigeuzageuza, kisha akamwita meneja.

Mama akainama, akaninong'oneza kwa Kiswahili, lugha yetu ya kufichia mambo mbele ya watu: "Wakitukamata, wewe lia. Lia kwa nguvu."

Nilikunja uso, lakini machozi yalikataa kutoka. Meneja akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama karibu yetu. Alizitazama kuponi, kisha akanitazama mimi.

"Hana haja ya kulia mtoto, dada yangu," akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa. "Zote mbili zinafaa."

Vidole vya mama vilinibana mkono mpaka nje.

Siku hizi kuponi zangu zimo kwenye simu. Mashine ikikawia kuzikubali, mkono wangu bado hulitafuta lile buibui, na haulipati.