Kidonge cha Saa Mbili

Imetamkwa rasmi, mbele ya wageni waalikwa, meza yenye kitambaa cha samawati na maji ya chupa ya kutosha, kwamba mradi wa kutibu kifua kikuu kwa msaada wa homoni utajenga uwezo. Wanafunzi wa shahada ya uzamivu watapata mafunzo ya utafiti chuoni. Wao watawafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu nao watawaelimisha wagonjwa. Msemaji alionyesha kwa mkono jinsi ujuzi utakavyoshuka kutoka ngazi hadi ngazi, na mkono ulipofika usawa wa meza, watu wakapiga makofi.

Somoe Kondo alikuwa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Ana miaka hamsini na mbili. Amezaliwa Mbagala, enzi ambazo Mbagala ilikuwa mikorosho mingi na nyumba chache. Kifua kikuu alikipata akiwa na thelathini na moja, akatibiwa kwenye zahanati ya mtaani kwao kwa miezi minane, na alipoambiwa amepona hakuondoka. Alianza kwa kufuta mabenchi. Kisha akawa anatumwa kuwafuata wagonjwa walioacha dawa, kwa sababu alikuwa anajua wanakojificha. Na yeye alishajificha huko. Baada ya miaka kumi na mbili serikali ikagundua kwamba kazi hiyo ina jina, ikampa kizibao na mkoba.

Mradi ulipokuja alikabidhiwa wagonjwa ishirini na watatu, wote waliojaa maji kifuani kwa sababu ya ugonjwa. Juu ya dawa zao za kawaida walipewa vidonge vya homoni, na watafiti walitaka kujua kama wiki nne zinatosha au ni lazima wiki nane. Sharti lilikuwa moja: kidonge kinywewe saa mbili asubuhi, baada ya kula. Mwili wenyewe hutoa homoni ya aina hiyo asubuhi, na kidonge kikichelewa mpaka jioni, mgonjwa hukesha anahesabu mabati. Sharti lilikuwa la busara kabisa. Lilitungwa mwezi wa Rajabu.

Shaabani ikapita, Ramadhani ikaingia.

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Somoe aliwaambia hivyo wagonjwa wake, imamu wa msikiti wa jirani akawaambia, na wote wakaitikia kwa kichwa, kisha wakafunga. Mtu aliyeshindwa kupanda kitanda mwezi uliopita, akipata nguvu ya kufika dukani, hujiona ana deni na Mungu. Kumi na saba kati ya wale ishirini na watatu walifunga. Somoe alipoona hawazuiliki, akawafundisha kula kidonge wakati wa daku, kile chakula cha kabla ya alfajiri, tumbo likiwa limejaa. Na kwa kuwa kadi ya mradi ilikuwa na visanduku viwili tu, "alikunywa saa mbili" na "hakunywa", yeye aliviacha vyote wazi, akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: daku, saa kumi na nusu.

Kompyuta ya mtu wa kuingiza takwimu chuoni haikuwa na namba ya daku. Akaingiza "hakunywa".

Ndiyo maana siku ya kumi na mbili ya mwezi mtukufu mkaguzi wa mradi, Dakta Audax, alifika zahanati na kompyuta mpakato, akamweka Somoe mbele yake. Audax ni mtu wa Bukoba, mpole, anayeongea kama anayesoma.

"Mama, kituo cha kaskazini, huko upande wa Bunju, wagonjwa wamekunywa dawa kwa asilimia tisini na tisa. Hapa kwako ni ishirini na sita."

"Wanakunywa, daktari. Nimeandika pembeni."

"Pembeni si takwimu."

"Sasa ningeandika wapi?"

"Kwenye kisanduku." Alifunga kompyuta taratibu. "Utafundishwa upya, siku sita. Ikishindikana, kituo hiki kinatolewa kwenye utafiti, na wewe tutakushukuru."

Somoe aliwahi kuona watu wakishukuriwa. Baada ya hapo huwa hawaonekani. Kizibao angekirudisha bila taabu. Lakini wale ishirini na watatu wangepewa mtu mwingine, mwenye kuamini visanduku, na Somoe alijua ni nani kati yao angeacha dawa wiki ya kwanza. Mmojawapo alikuwa Mwishehe, fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshaacha mara mbili kabla.

Wa kumfundisha aliletwa kesho yake. Aliitwa Dakta Alireza, mtoto wa Kihindi wa Upanga, mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Kituo cha kaskazini na cha Mbagala vyote vilikuwa ndani ya tasnifu yake. Alikuja na vitini vyenye rangi.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, baba. Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi tutembee polepole."

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Mwishehe. Alireza aliomba aongoze mahojiano ili Somoe aone namna yanavyofanywa. Mwishehe alizima cherehani kwa heshima.

"Leo ulikunywa dawa saa mbili asubuhi?"

"Ndiyo, daktari."

"Baada ya kula?"

"Nilikula, daktari."

Alireza akaweka alama, akamgeukia Somoe kwa upole wa mwalimu. Somoe alikuwa anaitazama midomo ya Mwishehe, iliyokauka kama unga wa muhogo.

"Mwishehe, daku leo mmekula nini?"

"Aa, ubwabwa wa jana na maharage. Shemeji yako kazidisha nazi, na mie nazi ikizidi inanikaa hapa."

"Kidonge ukakishushia na nini?"

"Chai ya rangi, ile ya tangawizi." Ndipo akamtazama daktari, akashika futi yake ya shingoni kama anayetaka kujipima.

"Saa ngapi hiyo?" Alireza akauliza.

"Kumi na nusu. Kabla ya adhana."

"Mimi umeniambia saa mbili."

"Umeniuliza saa mbili, daktari. Nikujibu saa tano?"

"Lakini wewe ni mgonjwa. Ruhusa unayo."

"Ruhusa ninayo. Nyumba nzima imefunga, mie nikae hapa nakunywa chai mbele ya watoto? Watasema baba yao bado anakufa."

Nje walivuka mtaro. Kisha Alireza akamuuliza Somoe ni kwa nini hakumuuliza Mwishehe moja kwa moja.

"Ukimuuliza mtu kama amekunywa dawa, anakuangalia kwanza ujue unataka jibu gani, anakupa hilo hilo," Somoe akasema. "Muulize chakula. Chakula hakuna anayekidanganyia. Aliyelala akapitiwa na daku hawezi kukuambia nazi ilizidi."

Siku tatu walizunguka hivyo. Vitini vilibaki kwenye begi. Siku ya tatu maghribi iliwakuta mlangoni kwa Somoe, akamkaribisha Alireza futari. Adhana ilipoadhiniwa, watu mkekani wakaanza uji. Alireza alishika tende, hakuila. Kwa madhehebu yake husubiri mpaka wekundu wa jua uondoke kabisa angani. Akawa anaangalia simu.

"Tende ina nini?" akauliza binti wa Somoe, Raudha.

"Haina kitu. Sisi tunachelewa kidogo. Dakika kumi na tatu leo."

"Yaani upo hapa hapa na saa yako peke yako."

"Mwache," Somoe akasema. "Ila daktari, ungekuwa kwenye kadi yangu, ningekuandika umefuturu au hujafuturu?"

Alireza aliigeuza tende mkononi. Zilipotimia kumi na tatu alikula tende, kisha uji, kisha mihogo ya nazi, akaongezwa.

Siku ya nne aliaga mapema, akaenda kituo cha kaskazini. Jambo moja lilikuwa linamsumbua tangu mwanzo wa mfungo: huko, wagonjwa waliokunywa dawa kwa asilimia tisini na tisa walikuwa wanalalamika kukosa usingizi, wakati wa Mbagala walilala vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuandika ukurasa kuhusu uwezekano wa tofauti za kimaumbile baina ya wakazi wa Barabara ya Kilwa na wa Barabara ya Bagamoyo. Ukurasa ulikuwa na marejeo kumi na moja.

Aliwauliza wagonjwa tisa wamefuturu nini jana. Walimwambia, kwa kirefu. Kisha akauliza kidonge walikishushia na nini. Saba walisema uji. Kidonge cha saa mbili asubuhi kilikuwa kinanywewa saa moja jioni, na kadi zilikuwa zinajazwa na mhudumu ambaye alikuwa amefundishwa vizuri sana kutumia visanduku. Aliyemfundisha alikuwa Alireza.

Kikao kilifanyika Jumatatu. Alireza angeweza kueleza habari za Mbagala peke yake. Somoe angebaki, kituo cha kaskazini kingeendelea kung'aa, naye angewasilisha tasnifu mwezi wa kumi. Alieleza ya vituo vyote viwili. Dakta Audax aliuliza kama ana uhakika. Alireza akasema kadi za Bi Somoe ndizo pekee zenye saa za kweli, na kwamba za kaskazini, za mfungo mzima, hazifai.

"Utahitaji Ramadhani nyingine," Audax akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo ni mwakani."

"Najua inakuja lini."

Mbagala haikuondolewa. Kadi mpya zina mstari mtupu ulioandikwa "saa halisi". Mwishehe alimaliza dawa zake zote kwa mara ya kwanza, na sasa anashona sare za shule. Alireza, ambaye angekuwa ameshahitimu, yuko mwaka wa nne.

Taarifa ya mwaka ya mradi imetoka. Katika orodha ya wakufunzi limo jina la Dakta Alireza. Katika orodha ya waliojengewa uwezo limo jina la Somoe Kondo, mafunzo ya siku sita, amehudhuria zote. Wanafunzi wapya watatu wa uzamivu wameshapangiwa Mbagala, na barua zao zinawataka wafike nyumbani kwa Bi Somoe saa tatu asubuhi, kila mmoja na daftari lake.