Pima Ishirini za Mzee Kamba

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nimekosea, ilikuwa 2022, maana mwaka 2021 nilikuwa bado na jino langu la mbele, na siku ile ya ziwani nakumbuka nilicheka nikaziba mdomo kwa mkono. Basi iwe 2022, mwezi wa sita, wakati ambao Tukuyu tunaimba kanisani mikono ikiwa mfukoni kwa baridi.

Nataka kumwandika Anyitike Mwaikenda, fundi ndoo wa Bulyaga. Ukiona ndoo mtaani kwetu haina kovu la Anyitike, jua imenunuliwa jana. Hukaa kibarazani kwake na jiko la mkaa, visu viwili motoni, na vipande vya plastiki vya kila rangi. Akiletewa beseni lililopasuka hulipindua, hulitazama, hulipa pole kama daktari, kisha huyeyusha kipande na kuziba. Beseni langu jekundu lina kiraka cha kijani. Nilipolalamika alinijibu, "Maji hayachagui rangi, mzee."

Ni mfupi. Nasema kwa heshima, lakini akisimama nyuma ya jiko lake wateja huuliza fundi kaenda wapi. Ufupi huo aliurithi kwa baba yake, pamoja na kitu kingine ambacho hakukitaka, nacho ni jina.

Baba yake alipokuwa kijana alisema kwamba ameshusha kamba katikati ya ziwa letu, lile dogo la shimo upande wa Kisondela. Jina silitaji, wageni wasije wakajaa. Alisema kamba ilikuwa ya pima ishirini, mwishoni amefunga jiwe, na jiwe halikugusa chini. Watu wakacheka. Andongwisye, ambaye ni mrefu kama mgomba uliokataa kuzaa, akanyoosha mikono yake pale sokoni, akapima kamba nyingine pima baada ya pima mpaka ishirini, ikatoka kwa wauza ndizi ikafika mlangoni kwa mashine ya kusaga. Akasema, "Urefu wote huu uzame kwenye kile kidimbwi?" Tangu siku hiyo mzee akaitwa Kamba. Siku hizi vijana wakisema mtu amepiga kamba, yaani amedanganya, wanadhani neno limetoka Dar es Salaam. Sisi tulikuwa nalo kabla hawajazaliwa. Mzee alikufa akiitwa Kamba, na hata mazishini kuna mtu alinong'ona akauliza tuchimbe pima ngapi. Sikuwa mimi. Au kama nilikuwa mimi, nilitubu.

Anyitike ukimtania ufupi atacheka kuliko wewe. Ukimtania kamba, anageuza kisu motoni tu.

Sasa, mwaka huo tulikuwa na Mwalimu Loyce, wa jiografia, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeletwa kwetu na ajira. Mtafiti mmoja wa maziwa na mito alipomaliza kazi zake alimwachia kayaki, ule mtumbwi wa plastiki, rangi ya chungwa, wa kukaa watu wawili. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kutafutia samaki, yenye kioo kama cha simu. Mwalimu akaileta kwa Anyitike juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mkia wa kayaki ukichungulia nyuma.

"Mwalimu," Anyitike akasema, "ndoo hii nani kaivuta hivi?"

"Haijatoboka, fundi. Tatizo ni hiki." Akamwonyesha kidude cheusi, mviringo, saizi ya kifuniko cha chupa ya chai, kimebandikwa kwa gundi ndani ya kayaki, sakafuni, waya ukitoka kwenda kwenye kioo. "Hiki kinaita kuelekea chini, kinapenyeza sauti kwenye plastiki, halafu kinasubiri mwangwi. Ukichelewa kurudi, maji ni marefu. Lakini aliyekibandika aliacha mapovu ya hewa kwenye gundi. Sasa kila ninapokwenda kinasema nusu mita."

"Hata katikati?"

"Hata katikati."

"Basi katikati tutembee kwa miguu," nikasema mimi, nikacheka peke yangu.

Anyitike alikuwa ameweka kisu chini. "Mwalimu, kikipona kitasema kina chote cha ziwa?"

"Chote, na samaki wakiwepo kitawaonyesha."

"Samaki waache."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hatatengeneza kayaki. Atamtengeneza baba yake.

Kukibandua tu kulichukua asubuhi nzima. Bisibisi aliikataa, akasema ikiteleza itatoboa sakafu, na yeye hajawahi kutoboa chombo cha mtu tangu aanze kazi. Akakanda ile gundi kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ikalegea. Kisha akachukua uzi wa nailoni, akaupitisha chini ya kidude, akawa anauvuta huku na huku taratibu, kama mama anayekata mche wa sabuni. Kikatoka kizima. Kwa chini gundi ilikuwa na matundu kama andazi. Akaikwangua yote, akasugua sakafu kwa msasa mpaka ikawa laini.

Kukirudisha ndipo alipokosea. Aliona kitu chenyewe kinaumwa, kina waya mwembamba, na barabara yetu ina mashimo. Akakata kipande cha godoro, akakipaka gundi juu na chini, akakilaza kidude hapo kama mtoto mchanga.

Tulishuka ziwani Jumamosi, na Andongwisye naye akaja na fimbo yake, hakuitwa. Mwalimu akapiga kasia mpaka katikati. Kioo kikaonyesha vistari vitupu, hata ile nusu mita haikuwepo.

"Kinasemaje?" Andongwisye akapaza sauti.

"Hakisemi kitu!" Mwalimu akajibu.

"Mwe! Kwa hiyo ziwa halipo? Anyitike, baba yako alikosa chini, wewe umekosa hata maji!"

Ni hapo nilipoziba mdomo. Nisamehewe.

Anyitike akapakia kayaki, akarudi nyumbani. Kesho yake baada ya ibada nilipita kwake, nikamkuta anakikodolea macho kile kidude, huku mke wake Tumpe anamenya ndizi pembeni.

"Nimekilaza vizuri," Anyitike akasema. "Sijui kinataka nini."

"Kazi yake nini hasa?" Tumpe akauliza.

"Kinasikiliza chini, kupitia plastiki."

Tumpe akaacha kisu. "Baba Ambindwile, jirani wakigombana, wewe unafanyaje?"

"Nafanyaje nini?"

"Unabandika sikio ukutani. Usikatae, mwanao pia amekuona. Sasa niambie, ulishawahi kuweka mto katikati?"

Anyitike akanitazama. Nikatazama kuku. Halafu akainuka na uzi wake wa nailoni.

Safari hii hakutaka kubahatisha. Alibandua godoro, akaomba mafuta ya mgando ya Tumpe, akapaka mengi sakafuni, akakikandamiza kidude huku anakizungusha ili hewa itoke. Yeye na Mwalimu wakaenda kujaribu ukingoni na kioo kikasema mita mbili, na kweli kasia lilipozamishwa lilipotea lote. Aliporudi akafuta mafuta yote kwa sabuni na spiriti, akaleta gundi ile ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu, akaimimina rundo moja katikati, akakandamiza na kuzungusha mpaka ikafura pembeni bila povu hata moja. Juu akaweka jiwe la kusagia la Tumpe. Siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na siku tatu Tumpe alisaga karanga kwa jirani.

Jumamosi iliyofuata alipanda yeye mwenyewe, asiyejua kuogelea, kakaa mbele ndani ya jaketi la kuelea lililomfika magotini. Mwalimu akapiga kasia. Sisi ukingoni tukasikia Anyitike anasoma kwa sauti, kama anayeita mahudhurio.

"Nne! ... Tisa! ... Kumi na saba! ... Ishirini na sita!"

Halafu, "Thelathini na moja! Thelathini na moja, imesimama!"

Andongwisye akakuna kidevu. "Mita hizo. Pima ishirini zangu ni kama mita thelathini na saba. Kamba ingelala chini na kubaki. Kwa hiyo bado ni kamba."

Waliporudi nchi kavu Mwalimu aliambiwa hesabu hiyo. Alifikiri kidogo, akatoa tepu mfukoni. "Fundi, baba yako alikuwa mrefu kiasi gani?"

"Kama mimi. Koti lake ndilo hili."

"Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Mwalimu akampima kwa tepu kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Mita moja na nusu, haikuzidi. Akaandika mchangani kwa kijiti, mara ishirini. Mita thelathini.

"Chini iko thelathini na moja," Mwalimu akasema. "Jiwe lilibakiza mita moja. Mzee alisema kweli, ila alipima kwa mikono yake, na ninyi mkamhukumu kwa mikono ya Mzee Andongwisye."

Nilimtazama Andongwisye. Alikuwa anaitazama mikono yake mirefu kana kwamba imemwibia mtu. Kisha akavua kofia, na mbele ya watu wote akasema, "Mwaikenda, nisamehe." Hakusema Kamba. Sikujua anamwambia baba au mwana. Anyitike akaitikia kwa wote wawili, "Ndaga," yaani asante, akageukia ziwa akajifanya anakagua waya. Siku hizi hakuna anayelitaja jina lile, hata vijana mbele yake husema mtu amedanganya.

Mimi nami nimefurahi. Lakini kichwa changu hakitulii. Kabla ya kayaki ile, ziwa letu halikuwahi kuwa na chombo, wala mtumbwi, na marehemu kama mwanawe hakujua kuogelea. Nimemuuliza Anyitike mara tatu, akanijibu habari za beseni langu. Nimemuuliza Mwalimu, Tumpe, na hata Andongwisye, ambaye siku hizi anamtetea marehemu kuliko mtu yeyote. Sasa nakuuliza na wewe: siku ile anashusha kamba katikati ya maji, mzee alikuwa amesimama wapi?