Sentensi Moja Iliyonipeleka Newala

Nilipanda Newala kwa sababu ya kijana aliyefanyiwa matanga akiwa hai. Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa mwalimu Masasi, na kazi yangu ya ziada ilikuwa kuyatembelea madarasa ya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Siku moja msimamizi wetu, bibi wa Kizungu aliyekaa nchini miaka mingi, aliniita akanieleza malalamiko yaliyotoka kijiji kimoja kupita Kitangari. Mwanamke wa darasa letu alipata barua, akaisoma mwenyewe, akatangaza kwamba mwanawe amekufa huko kwenye mashamba ya mkonge. Watu wakakaa msibani siku mbili. Kumbe kijana mzima.

"Wazee wanasema darasa linaleta mikosi," alisema yule bibi. "Nenda ukaone. Kama wanaimba maneno tu bila kuyaelewa, tutalifunga."

Niliitikia nikatoka. Sikumkumbusha kwamba karatasi za kusomea, kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho, nilizitunga mimi.

Jumatatu alfajiri niliondoka Masasi juu ya lori la mfanyabiashara, nimekaa kwenye magunia ya chumvi. Majabali ya Masasi yalibaki nyuma yetu, meusi kwa umande. Tulipoanza kupanda mlima injini ikachemka, dereva akatushusha sote tukafuata kwa miguu, tukila vumbi jekundu. Juu, nchi ilitanda sawa kama meza. Vichaka, mihogo, mikorosho michanga iliyopandwa kwa mistari, na kila baada ya mwendo mfupi tulipishana na wanawake waliobeba madebe ya maji. Maji ya nchi ile yako chini mabondeni, na watu wanaishi juu. Mwanamke akitoka kabla ya jua kuchomoza, anarudi jua likiwa limeshapanda sana.

Newala nililala kwa ndugu wa mke wangu. Jumanne asubuhi nilisimama ukingoni mwa mlima, nikaona ukungu umelala chini kote upande wa Ruvuma. Kisha nikaazima baiskeli. Nusu ya njia niliipanda, nusu nyingine niliisukuma kwenye mchanga.

Alasiri nikafika. Mwalimu Bakari, kijana mwembamba aliyelianzisha darasa lile, alinipokea kwa heshima na kwa hofu. Wanafunzi wake, wanawake kumi na wanaume watatu, walikuwa wameshakaa bandani. Wanawake walikuwa wametoka kuteka maji, na kanga za wengine zilikuwa bado mbichi mabegani. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo, nywele zake zimenyolewa zikaanza kuota. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyekuja kutufunga?"

Wenzake waliinamisha macho. Nilijibu kwamba nimekuja kusikiliza. Huyo ndiye Mama Yohana. Akafungua pindo la kanga, akatoa barua, akanipa. Ilikuwa fupi, imeandikwa na rafiki wa mwanawe, na habari yenyewe ilikuwa mstari mmoja: *Mzee aliyempokea Yohana amefariki.*

"Nilisoma kama nilivyofundishwa," alisema. "Neno, kisha neno. 'Mzee.' Nikapita. 'Aliyempokea.' Hilo refu, lilinitoa jasho, nikalishinda. Nilipokwisha kulishinda, yule mzee nilikuwa nimeshamsahau. Mbele yangu yakabaki maneno mawili tu. 'Yohana amefariki.'" Akakigusa kichwa chake. "Ningekuwa sijui kusoma kabisa, nisingelia. Nilinyoa nywele. Nikajiuliza watu wataniitaje sasa."

Mwalimu Bakari siku hizo alikuwa Newala. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani, akaiomba barua, akaisoma kwa sauti. Hakueleza kitu. Alipolitaja jina la Yohana sauti yake ilipumzika kidogo, kisha ikamaliza: amefariki. Hapo hapo mama mtu akainuka mkekani.

Nilitaka kujua kama kosa lilikuwa la mama huyu peke yake. Nikaandika ubaoni: *Mama aliyemwita mtoto amekwenda kisimani.* Nikawapa nafasi wasome kimya.

"Nani amekwenda kisimani?"

"Mtoto," walijibu karibu wote.

Nilidhani kazi yangu imekwisha, na kwamba kesho nitarudi na habari mbaya. Ili nisimalize kwa aibu yao, nikaandika nyingine iliyo rahisi zaidi, au hivyo nilivyofikiri: *Mama aliyebeba mtungi ameanguka.*

"Kimeanguka nini hapo?"

"Mama!" Walijibu kwa sauti moja, wengine wakicheka. Mzee mmoja wa nyuma akaniambia, kama mtu anayemsaidia mgeni, "Ungekuwa mtungi, Mwalimu, ungeandika 'umeanguka'."

Nilisimama na chaki mkononi. Sentensi zile mbili zilikuwa na mpango mmoja. Tofauti ni kwamba mtungi una kiambishi chake na mama ana chake, kwa hiyo kitenzi cha mwisho kilimtaja mwenyewe. Lakini mama na mtoto wote ni watu, wote ni *a*, na hapo jicho lilimshika yule aliye karibu. Basi hawakuwa wanaimba. Walikuwa wakifikiri, tena wakizitumia kanuni za lugha ambazo hakuna aliyewafundisha. Kilichowapotea ni ile pumzi ambayo mdomo unaiweka na karatasi haiiweki.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kwa Mwalimu Bakari. Aliniletea karatasi zetu, akazipanga mkekani. *Baba analima. Mama anapika ugali. Juma anasoma kitabu.*

"Sikutaka kusema mbele yao," alisema taratibu. "Lakini humu, Mwalimu, hakuna hata sentensi moja yenye watu wawili. Hakuna inayomwacha mtu njiani ikaenda kumrudia. Tumewafundisha kutembea uani, kisha barua ikawapeleka porini."

"Ni mimi niliyezitunga," nilisema.

"Najua," alijibu, akanisogezea mboga.

Jumatano nilibaki. Mama Yohana alitangulia kufika, akanionyesha jambo alilokuwa akilifanya peke yake tangu siku ile ya msiba. Aliweka kidole cha kushoto juu ya neno la kwanza, akakiacha hapo, kisha akasoma kwa kidole cha kulia. Alipofika kwenye kitenzi cha mwisho alirudi kukitazama kidole cha kushoto. "Huyu simwachi tena," alisema. Tuliwaomba wote wafanye hivyo. Niliandika sentensi nane, zote zenye watu wawili. Walikosa mbili, na hizo mbili walizibishania mpaka tukachelewa kufunga darasa.

Alhamisi nilishuka mlima, na Ijumaa nilisimama mbele ya msimamizi. Niliandika ule mstari wa barua, nikamwekea mezani. Aliusoma mara moja.

"Mzee amekufa. Sentensi haina kosa."

"Haina, Bibi. Kosa ni letu. Tuliwaambia wamekwisha kujua kusoma kabla ya kuwaonyesha sentensi ya namna hii." Nikamweleza habari ya mtungi, na habari ya karatasi zangu.

Aliusoma tena ule mstari. Hakunisifu. Alisema darasa liendelee hadi mavuno, na karatasi mpya ziwe zimefika kule kabla ya mwezi kwisha. Zilifika. Baada ya mavuno hakuna aliyezungumza tena habari ya kulifunga, ingawa wanafunzi wawili waliacha, na mzee mmoja pale kijijini aliendelea kuamini kwamba kusoma kunaita kifo.

Mimi nilidhani nimekwenda kuwapima wengine. Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma somo kanisani. Katikati nikakutana na sentensi ndefu ambayo nilikuwa nimeisoma kwa sauti nzuri miaka mingi. Nikafika mwisho wake, kisha nikatambua kwamba sikujua ni nani aliyetenda. Nikanyamaza. Watu wakakohoa. Nikarudi mwanzo, nikaisoma polepole hadi mwisho.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu aliniuliza, "Leo ulipotea mstari, Baba Agnesi?"

"Sikupotea," nilimwambia. "Nilirudi kumchukua mtu niliyekuwa nikimwacha nyuma miaka yote."