Nguruwe Tuliowafungua Wenyewe

Watu wakiniuliza habari za miaka ya vita kule Butembo, wanategemea niwasimulie askari. Nikiwasimulia nguruwe wanacheka, na kicheko hicho kinaniudhi hadi leo. Askari walikuja, wakaenda, wakabadilisha kofia, wakarudi. Nguruwe hawakwenda popote. Walikaa bondeni chini ya shamba la mama yangu, wakazaa na kunenepa wakati sisi tunakonda.

Tena hawakuwa wanyama wa pori. Walikuwa wetu. Kwetu nguruwe hachungwi. Anafungwa kamba mguuni nyuma ya jiko, analishwa maganda ya ndizi na machicha ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na sikio lake linakatwa alama ya ukoo wenye mali. Basi risasi zikisikika karibu, kabla hujabeba godoro wala sufuria, unakimbia kwanza nyuma ya jiko kumfungua. Kuku unambeba, mbuzi unamvuta, lakini nguruwe ukimvuta anakaa chini barabarani kama mtu aliyefika kwake. Watu wa vijiji vya njia ya Beni waliwafungua nguruwe wa kwao, wakakimbilia mjini, na wengi hawakupata nafasi ya kurudi. Nguruwe wakamaliza maharagwe ya huko, wakahamia kwenye mikaratusi, kisha wakateremka mabonde hadi kwetu. Manyoya yaliwasimama mgongoni. Watoto wao walizaliwa na masikio mazima, hawajui harufu ya mtu.

Mama alikuwa na sababu yake ya kufungua. Vita vilipoanza tulikimbilia upande wa Lubero, tukaliacha jike letu limefungwa, kwa kuwa tulidhani tunalala usiku mmoja. Tulikaa huko muda mrefu. Tuliporudi tulilikuta limelala, kamba imekaza mguuni, na udongo kuzunguka kigingi umekanyagwa duara jeupe kama uwanja uliofagiwa. Mama aliikata ile kamba akaitia motoni, na tangu siku hiyo, hata mlango ukipigwa na upepo kwa nguvu, jicho lake lilikwenda nyuma ya jiko.

Sasa elewa tulivyokuwa. Baba alikuwa ameshafariki. Shamba letu la upande wa Beni hatukuthubutu tena kulikanyaga. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa hadithi. Lilibaki lile shamba moja la bondeni, na mihogo yake ilikuwa imekaribia kuvunwa. Muhogo si mboga ya wiki chache, unausubiri mvua baada ya mvua. Mama alikuwa akitembea kati ya mistari, anaparuza udongo kwa kidole kuangalia unene, anarudishia. Hiyo mihogo ndiyo ingetulisha. Ikienda, tungebaki kunusa vyungu vya majirani.

Tulijaribu kila kitu. Tulijenga ua wa matete, wakaupita kama pazia. Nyumbakumi wetu, yule mzee aliyesimamia nyumba za mtaa, akaitisha salongo, na mtaa mzima ukatoka kuchimba mashimo kwenye njia zao. Kulipokucha akaja komanda wa kambi ya jirani, mtu wa mkoa mwingine, na mguu mmoja wa suruali umejaa matope hadi kwenye nyonga. Akatuuliza, polepole kabisa, "Shimo hii ni ya ngulube, to ni ya basoda yangu?" Kabla askari wake hawajatumbukia, tukayafukia siku hiyohiyo.

Tukaleta wenye mbwa. Walikuja na mikuki na mbwa wenye njuga za mbao shingoni, wakaua dume moja kubwa karibu na kijito. Nilifurahi, nikadhani sasa tumeanza. Kabla hawajalichuna, akatokea mama mmoja wa wakimbizi akashika sikio na kusema ile alama ni ya kwao. Mara mzee mwingine akasema kwao pia wanakata hivyohivyo. Nyumbakumi akaamua nyama isubiri hadi maneno yaishe. Maneno hayakuisha, na nyama haikujua kusubiri. Wenye mbwa walirudi kwao mikono mitupu, tukawaita tena wakakataa. Hapo nilitamani kupiga mtu. Nguruwe akila muhogo wako, hana mwenyewe. Akifa tu, anao wawili.

Zikabaki bunduki. Nyumbakumi alipanda kambini na kibuyu cha kasiksi kumwomba komanda. Komanda alisema kwanza kwamba risasi ni za adui, kisha akaonja, kisha akauliza kama nyama ingebaki kambini. Wakakubaliana: askari wachache, asubuhi kweupe, bondeni. Nyumbakumi alipita mtaa wetu mzima, mlango kwa mlango, akisema kesho mkisikia masasi msiogope. Alifanya kazi yake vizuri. Isipokuwa hakuna aliyefikiria kuwaambia watu wa ng'ambo ya bonde.

Risasi zililia wakati tunakunywa uji. Nilimtazama mama, naye akanitazama, tukaendelea kunywa. Ndipo kule ng'ambo mlima mzima ukaanza kutembea: magodoro, masufuria, akina mama na watoto mgongoni, wanapanda kuelekea mjini. Tuliosimama mlangoni tulijua kabisa hizo ni risasi za nguruwe. Lakini ukiwaona watu wengi hivyo wanakimbia, unaanza kujiuliza kama wao wanajua jambo usilolijua. Jirani yetu akaingia ndani, akatoka na sufuria kichwani. Baada yake mwingine. Nyumbakumi alisimama katikati ya njia akipaza sauti kwamba ni ngulube tu, ngulube tu, na mke wake mwenyewe akampita na furushi.

Tulikimbia nasi. Mtaa uliogongewa mlango mmoja mmoja na kuambiwa usikimbie, ulikimbia. Na kila nyumba, kabla ya kutoka, mtu alizunguka nyuma ya jiko.

Hatukufika mbali. Kufika juu sokoni tulipata uhakika kwamba hakuna kitu, tukaanza kurudi, tunachekana kwa aibu. Askari walikuwa wameua nguruwe mmoja mwembamba na wameshampandisha kambini. Bondeni, badala ya kundi moja, kulikuwa na wote: wale wa zamani wenye manyoya yaliyosimama, na wa mtaa wetu na wa ng'ambo, walioamka asubuhi wamefungwa na sasa wako huru, wametafuta chakula pale kilipokuwa karibu. Shamba la mama lilikuwa limegeuzwa chini juu. Katikati yake lilisimama jike letu, tulilolinunua baada ya lile lililokufa, sikio lina alama yetu, mdomoni lina muhogo wetu.

Hasira zilinipanda. Sikuwahi kumpandishia mama sauti, siku hiyo niliipandisha. "Mama, ulijua ni masasi ya ngulube. Juu ya nini uliifungula?"

Alikuwa ameshainama, anaokota vipande vilivyotafunwa nusu na kuvipangusa kwa kitenge. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Na ile siku ya kwanza pia nilijua kama tutarudia kesho yake. Mutu mwenye hajue kama atarudia, hapana kufunga ngulube."

Nilichukua jembe, tukachimba pamoja mihogo iliyosalia, michanga na iliyokomaa, kwa sababu kuiacha ardhini ilikuwa kuwaandalia wenzetu chakula. Ilijaa kikapu kimoja na cha pili hakikujaa. Jirani aliyetangulia kukimbia na sufuria alikuja kutusaidia kubeba, na hakuna aliyecheka tena.

Jioni jike lilirudi lenyewe nyuma ya jiko, tumbo limeshiba mihogo yetu, likajilaza pale pale pa siku zote. Mama alikuwa jikoni anamenya. Nikashika kamba mimi, huku bado ninalitukana, nikaizungusha mguuni mwake. Kisha nikapiga fundo la kuvuta mara moja, lile linalofunguka hata mikono ikiwa inatetemeka.