Uchaguzi Uliopimwa kwa Ratili

Ni mimi niliyezimwagia kura maji. Nakuambia wewe kwanza, msomaji, kwa sababu una sura ya mtu anayejua kunyamaza. Hapa shule ya bweni hawajui. Wakijua watanibandika jina, na majina mawili ya utani niliyo nayo yananitosha.

Lori la majani likipita nyuma ya bweni letu, na ile harufu ya gunia bichi ikaingia dirishani, nusu nyasi iliyokatwa, nusu mbwa aliyenyeshewa, mimi hurudi kambini kwetu, kwenye shamba la chai upande wa Kericho, nikiwa na miaka kumi.

Kambi yetu ilikuwa na klabu. Wazungu wa kule kilimani walikuwa na klabu yenye presidenti, basi na sisi tukataka presidenti. Kazi yake ilikuwa moja: kushika ufunguo wa ukumbi. Aliyeushika ni Joeli, karani wa mizani, yule aliyepima majani ya wachunaji kila jioni. Chini yake ukumbi ulikuwa wa drafti na dansi ya Jumamosi. Siku nyingine kufuli. Mama alitaka ufunguliwe asubuhi, watoto wachanga walazwe humo. Wakati ule akina mama walichuna na watoto mgongoni, au wakawalaza chini ya gunia mwisho wa mstari, na mvua ya kwetu hufika saa nane kama mtu aliyeandikwa kazi. Mdogo wangu Chebet alikuwa amekohoa msimu mzima. Wanawake wakamsukuma Mama mbele, agombee yeye. Akakubali. Baba alipiga kura, na mpaka leo hajasema alimpigia nani.

Kura yenyewe ilikuwa konzi ya majani. Wengi hawakujua kuandika, na majani yalikuwa kila upande. Jumapili baada ya ibada, kila mtu angeingia na konzi moja nyuma ya blanketi lililotundikwa, aitie katika kikapu cha Mama chenye kitambaa chekundu, au cha Joeli chenye cheupe. Halafu vikapu vipimwe.

"Kwa nini tusihesabu watu?" Mama aliuliza. "Mkono wa dereva wa trekta si mkono wa kogo huyu." Akamwonyesha bibi mzee aliyeketi karibu naye.

"Mama Kiprono, majani hayahesabiwi," Joeli akasema. "Majani hupimwa. Mizani haina shangazi."

Watu wakacheka, na neno likapita. Ni watu wale wale walioilalamikia mizani ile kila jioni.

Sasa, kila mchunaji anajua kwamba jani lililolowa ni zito. Joeli naye alijua, ndiyo maana kila siku alikata ratili kadhaa, akisema ni za maji. Kabla ya kupima, mzee wa kanisa alisimama kuomba. Alianza na Adamu. Alipofika kwa Nuhu, macho yote yakiwa yamefumbwa, nilikuwa nimeshapenya nyuma ya blanketi na mkebe wa maji, nikaumimina wote kwenye kikapu chenye kitambaa chekundu. Nuhu, nadhani, angenielewa.

Kikapu cha Joeli: ratili kumi na moja. Cha Mama: kumi na tatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Joeli, ambaye alikuwa mgombea na mpimaji kwa pamoja, akaingiza mkono ndani ya kikapu cha Mama, akakung'uta vidole polepole.

"Natoa tatu za maji," akasema. Zikabaki kumi.

"Tatu umezitoa wapi?" Mama akauliza.

"Si kila siku natoa?"

"Kila siku unatoa, na kila siku hatujui unatoaje. Leo tunataka kujua. Turudie, Karani. Kila mtu punje moja ya mahindi. Mkono mkubwa, mkono mdogo, punje ni moja. Na anayehesabu asiwe anayegombea."

Kisha dereva mmoja akasema, "Huyu mama anasema kweli," na wengine wakaitikia. Hata Baba alikohoa, na kwake hiyo ni hotuba. Ilikuwa imebaki kidogo tu.

Joeli hakukasirika. "Turudie, Mama. Lakini kwanza utuambie. Leo mvua haijanyesha. Maji yametoka wapi, na mbona yameingia kikapu chako peke yake?"

Mama akafungua mdomo. Halafu akaniona, shati limelowa mpaka kitovuni. Akaufunga. Akaketi.

Mpakiaji naye, kwa mazoea ya kila jioni, akamimina vikapu vyote viwili katika gunia moja, kwa kuwa meneja alikuwa ameruhusu kura ile kwa sharti kwamba majani yafike kiwandani. Hivyo kuna mtu huko ng'ambo aliyekunywa uchaguzi wetu, pengine na maziwa, na nani alishinda hatutajua kamwe.

Joeli alikaa na ufunguo mwaka mwingine mzima. Watoto wakanyeshewa, na Chebet akakohoa msimu wa pili.

Kwa muda mrefu niliamini kosa langu lilikuwa la kipimo tu, kwamba kikombe kimoja kingetosha. Mpaka juzi mwalimu alipotueleza kwamba katika uchaguzi huu wa Waafrika, wa kwanza chini ya serikali ya Waingereza, mtu mwenye shule na mali anaweza kupewa kura mbili, hata tatu, na asiye navyo asipate hata moja. "Ni mkono wa dereva tu, Mwalimu," nikasema. Akanitoa nje. Nikiwa huko nje, nimeegemea ukuta, nikaona nilichofanya. Mama alikuwa na hoja kavu, safi, iliyotosha kuiangusha mizani ile, na mimi ndiye niliyeilowesha.

Jioni ile ya kura nilimkuta Mama akisafisha kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Nikamwambia ni mimi, nilitaka tu ashinde. Hakuniinulia mkono. Aliendelea kusugua kibuyu, kisha akasema, "Joeli akiiba, mimi nasimama nasema. Ukiiba wewe kwa ajili yangu, Kiprono, nisimame wapi?"