Niliambiwa Ni-address Wageni

Naona haya, lakini heri mlisikie kutoka kwangu kabla watu wa Nyacheki hawajalitia chumvi.

Mimi ndiye katibu mpya wa kikundi chetu cha wakulima wa chai. Wiki jana mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayependa Kiingereza kuliko chai yenyewe, alinitumia ujumbe: “Nyaboke, on Friday you will address our visitors.”

Nikajibu, “Sawa, mwalimu.” Address naijua tangu shule ya msingi: ni anwani, sanduku la posta na jina la mji. Nikanunua daftari.

Ijumaa nilisimama langoni nikamzuia kila mgeni. Mzee mmoja kutoka Nyamira aliapa kwamba hajapokea barua miaka mingi. Nikamsihi mpaka akanipa sanduku la kanisa lake.

Wageni walipomaliza kula, mwenyekiti akashika kipaza sauti. “Sasa Nyaboke, aliyejiandaa wiki nzima, ata-address wageni wetu!”

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikamwendea kifua mbele, nikamkabidhi daftari. “Zote ziko humo, mwalimu. Ni yule wa kofia nyekundu tu aliyekataa kunipa yake.”

Akalifungua, akalifunga. Akaninong'oneza, amesahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni: “Nyaboke, nilisema uwahutubie. Hotuba iko wapi?”

Uwanja mzima ulisikia, pamoja na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja na kitenge kipya na marafiki wanne wa kanisani kusikiliza hotuba yangu.