Jiwe Lililochomwa Kwaluguru

Kwaluguru nzima inajua kwamba Mbaruku hachomi jiwe la mtu bila mwenyewe kukaa pale pale. Wachimbaji humletea mawe ya vito yenye weusi, naye huyafukia katika chungu cha mchanga na kuvukuta mkaa mpaka weusi utoke, rangi ing'ae. Jiwe likipasuka, mwenyewe kaona kwa macho yake, hakuna lawama. Sheria hiyo aliitunga yeye, na vijana wa watu aliwafukuza kazi kwa kuivunja. Ndiyo maana leo hana pa kuuficha uso wake.

Mwanaisha, mtoto wa dada yake, alikuja likizo kutoka Ulaya anakosomea fizikia. Alileta jiwe dogo, jeupe kama maji, lililooteshwa maabara. Kesho yake alikuwa aende nalo Korogwe kuzungumza na wanafunzi.

"Ndani zimetiwa chembe za madini adimu, mjomba," alimweleza. "Chukua mbili zilizo jirani. Hii tukiiamsha kwa leza, jirani yake haitikii tena mwanga aliouzoea. Hii ikilala, jirani anaitikia. Basi hilo tunaliita lango: mmoja akiwa hivi, mwenzake afanye vile. Kompyuta tunayoitafuta itapiga hesabu zake kwa malango kama hayo."

Mbaruku alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Moyoni alimwonea huruma. Jiwe gani halina rangi hata ya kusingizia? Wazungu wamempunja mtoto, na Korogwe watamcheka.

Basi binti alipokwenda Kwedizinga kumwamkia bibi yake, mjomba akalitia chunguni, labda moto ungelitoa rangi. Hata simu hakumpigia. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mtu aliyezoea kuulizwa yeye, ni kazi nzito. Alasiri alipofukua mchanga, alikuta vipande.

Mwanaisha aliporudi aliviinamia akavitazama.

"Nimelichoma," alisema Mbaruku.

"Hukuniuliza, mjomba."

"Sikukuuliza. Nilidhani wamekudanganya."

Binti alivikusanya kwenye ncha ya kanga. "Si langu, ni la maabara. Kwa wanafunzi hata picha tu zingetosha. Mwalimu wangu nilimbembeleza aniazime kwa ajili yako. Nilimwambia mtu aliyenifundisha kutazama mawe hajawahi kulishika hili."

Kisha akatoka uani kupiga simu maabara. Aliongea Kiingereza muda mrefu. Mbaruku alitega sikio alisikie jina lake, maana jina ni lile lile kwa lugha yoyote. Hakulisikia.

"Umewaambia nani kalivunja?"

"Nimewaambia limeniponyoka mikononi. Yameisha, mjomba."

"Piga tena. Waambie ni mimi, Mbaruku."

"Wanakujua," alijibu taratibu. "Tangu nilipofika kule nawasimulia habari zako. Sitaki wajue hili."

Mbaruku akainama. Alitamani angetukanwa. Mtoto aliyekuwa akimbeba begani ndiye leo anayemsitiri, na hakuweza hata kumwambia asante.